Jina Lako Nililitunga Mwenyewe

Ilula, Jumapili alasiri

Mwanangu Limiana,

Umekwenda kumuaga mama yako mdogo, na najua hutarudi upesi, maana yule akikukalisha chini hakuachii mpaka ule mara mbili. Begi lako lipo hapa mlangoni. Nimelifungua, nikaona umeshaweka sweta na viatu vya kazini, nikalifunga. Basi sina cha kukuagiza. Kesho asubuhi basi la Mbeya litasimama pale barabarani, utapanda, na mpaka jioni utakuwa Ubaruku kwa bibi yako Limi. Wiki hiihii utavaa sare na kuanza kazi ya unesi.

Nimekaa mezani jikoni, nimeweka maharage motoni, na nataka nikuandikie habari ya jina lako. Umeisikia vipande vipande. Baba yako huisimulia kama mzaha. Bibi yako Juliana huisimulia kama kesi aliyoshinda. Sehemu yangu hakukusimulia mtu, kwa sababu aliyeijua yote ni mimi, na mahali pengine inanitia aibu. Nimeona usiondoke bila kuijua.

Nilipokutana na baba yako alikuwa utingo wa lori la mchele. Lilikuwa linatoka Ubaruku kwenda Dar es Salaam, na kila safari lilisimama hapa Ilula, na kila liliposimama yeye alikuja kwenye meza yangu kununua nyanya. Ndoo nzima. Siku moja nikamuuliza, "Hizi zote mnakula na nani, nyie watu wawili?"

Akasema, "Hatuli. Tunazigawa njiani."

"Sasa unanunua za nini?"

Akatazama chini kama mtoto wa shule. Dereva akapiga honi. Safari iliyofuata alishuka na mfuko wa mchele, akauweka mezani, akasema huo ni wa mama yangu. Ndivyo tulivyoanza.

Kwetu hawakufurahi. Bibi yako Juliana, pale Kilolo, aliuliza swali moja tu: "Msukuma? Na ng'ombe wake atawaweka wapi huku kwenye mashamba ya watu?" Huko Ubaruku nako, bibi yako Limi, ambaye alihamia huko bonde la Usangu kutoka Shinyanga na mumewe wakiwa wanaswaga ng'ombe, alisema mwanamke wa milimani hajui hata kukamua. Tulifunga ndoa hivyohivyo. Siku ya harusi mama zetu wawili walikaa kila mmoja upande wake wa ukumbi, na picha moja ya pamoja tuliyopiga ni ile unayoiona pale sebuleni, kila mmoja anatazama pembeni.

Kisha ukazaliwa wewe. Mtoto wa kwanza, msichana. Baba yako alikuwa safarini na lori. Waliokuwepo ni mabibi zako wawili, maana kila mmoja alisikia mwenzake anakuja akaona hawezi kukosa. Walikulea vizuri, sitawasingizia. Mmoja alikuogesha asubuhi, mwingine jioni. Uji nilioletewa siku zile sijawahi kuletewa tena. Lakini ilipofika habari ya jina, nyumba ikawa ndogo.

"Kwetu mtoto wa kwanza wa kike anarithi jina la bibi mzaa baba," alisema bibi yako Limi. "Ataitwa Limi. Mimi mwenyewe nilipewa hilo kwa kuwa nilizaliwa jua likiwaka. Na huyu kazaliwa mchana."

"Huyu kazaliwa Ilula," akasema mama yangu. "Kazaliwa na binti yangu, kwenye nyumba iliyo kwetu. Ataitwa Juliana."

Mmoja alizungumza na lafudhi ya Kisukuma, mwingine ya Kihehe. Kiswahili ndiyo lugha pekee waliyokuwa nayo pamoja, na siku zile walikitumia kugombana tu. Nilipokupeleka kliniki nesi aliuliza jina, nikamwambia bado. Kwenye kadi akaandika: Mtoto wa Agripina, wa kike. Hiyo kadi bado ninayo.

Siku ya saba nilikuwa nimelala kitandani, wewe unanyonya, wao wanabishana sebuleni. Nikachoka. Nikaanza kuyaweka majina yao pamoja mdomoni, polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Nilianza na Analimi. Lilisikika kama mtu aliyetaka kusema analima akakosea. Nikajaribu Julimi. Hapana, hilo lina ulimi ndani yake, na watoto wa shule wangekutolea ulimi kila siku. Nikajaribu Limijuli, nikacheka mwenyewe mpaka ukaacha nyonyo. Halafu nikasema Limiana.

Nilisema tena. Limiana. Lilitoka lenyewe, bila kukwama popote. Nikakuita nalo, ukafumbua macho. Najua kitoto cha siku saba hufumbua macho kwa lolote, lakini siku ile niliona umeitika.

Nikuambie ukweli, sikulipenda kwa sababu ya amani tu. Miaka ile watu walikuwa wanatunga majina sana. Jirani yetu Frida alimwita bintiye Jofrina, Joseph na Frida, na kila alipomwita barabarani wasafiri waligeuka. Mimi nami nilitaka mtoto wa kugeukiwa. Limiana lilisikika kama jina la watakatifu na wakati huohuo halikuwa la mtakatifu yeyote. Lilisikika kama jina la mtu ambaye hataamka alfajiri kupanga nyanya barabarani mikono ikiwa imekufa ganzi kwa baridi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Sikuwa na kiwanja wala cherehani. Kitu kizuri nilichoweza kukupa kilikuwa hicho, na hakuna aliyenipa mimi kwanza. Nilikitoa kichwani mwangu.

Nikaamka, nikatoka kwenda sebuleni nimekubeba, nikawaambia, "Mama zangu, mtoto anaitwa Limiana. Ni nyie wote wawili."

Wakatazamana. Nikadhani wamefurahi. Kisha bibi yako Limi akasema, "Umenikata." Na mama yangu akasema, "Mimi hata nusu sijafika." Ilikuwa mara ya kwanza wanakubaliana jambo, na jambo lenyewe lilikuwa kunikasirikia. Kesho yake kila mmoja alirudi kwake. Tangu siku hiyo ukienda Ubaruku ulikuwa Limi, ukienda Kilolo ulikuwa Ana. Baba yako alikuita Mama, kama anavyokuita mpaka leo. Jina zima nililitumia mimi peke yangu.

Sasa nakuja kwenye sehemu ile.

Ulipofika miaka saba nilikupeleka kuandikishwa darasa la kwanza. Kulikuwa na foleni ndefu na mvua ilikuwa imenyesha. Nilikuwa nimetoka shambani moja kwa moja, ndala zangu zimejaa matope, nimesimama mbele ya meza ya mwalimu. Aliuliza jina, nikasema. Akaandika, nikaona ameandika Liliana.

Nikasema, "Mwalimu, ni Limiana."

Akaniangalia. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka. Akasema, "Mama, hilo jina halipo. Aliyekuandikia alikosea. Jina ni Liliana."

Mwanangu, sikuwa na wa kumsingizia. Hakuna aliyeniandikia, nilikuwa nimelitunga mwenyewe. Nilipaswa kusema hivyo. Badala yake nilitazama ndala zangu, nikawasikia kina mama nyuma yangu wanaguna, nikawakumbuka na mabibi zako waliolikataa, nikawaza, labda kweli halipo. Nikasema, "Andika unavyoona wewe, mwalimu."

Siku ya kwanza ya masomo ulirudi jioni ukaniambia, "Mama, mwalimu ananiita Liliana." Mimi nilikuwa nachambua maharage. Sikuinua hata uso. Nilikujibu, "Itikia tu."

Ukaitikia miaka saba. Wewe mtoto uliyekuwa unauliza kila kitu, hilo hukuuliza tena. Kwenye madaftari yako niliona Liliana imeandikwa kwa mwandiko wako mzuri, na kila nilipoiona niligeuza ukurasa. Nilikuwa jasiri nikiwa nimelala kitandani, nikawa mwoga niliposimama mbele ya meza ya mtu. Watu wengi wako hivyo. Mawazo yao makubwa huwajia wakiwa peke yao, na huwaponyoka mara mtu mwenye kalamu anapowakazia macho. Sikulijua hilo mpaka uliponifundisha wewe.

Ulikuwa darasa la saba. Mwalimu mkuu alipitisha orodha ya watahiniwa, kila mtoto ahakikishe jina lake, maana likishaandikwa kwenye mtihani wa taifa ndilo litakalokaa kwenye vyeti vyote. Wenzako walitia saini. Wewe ulisema, "Hili si langu." Ukatumwa nyumbani kuleta cheti cha kuzaliwa. Ulinikuta pale barabarani nafuta nyanya vumbi. Ukasimama mbele ya meza, ukaniuliza kwa adabu kabisa:

"Mama, jina langu ulilitunga wewe, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona ulimwachia mwalimu?"

Nilimwomba jirani aniangalizie meza, nikaingia ndani, nikatafuta karatasi zako. Cheti hakikuwepo, hatukuwahi kukikata. Ilikuwepo kadi ile ya kliniki, na kadi haikuwa na jina.

Kesho yake tulikwenda Kilolo, kwenye ofisi ya wilaya, mimi na wewe. Nilivaa viatu vyangu vya kanisani. Yule kijana wa miwani aliyetupokea alisikiliza yote, akasema cheti kinawezekana, ila kwa kuwa kadi haina jina, anataka watu wazima wawili waliokuwepo mtoto alipozaliwa na kupewa jina, waje wenyewe watamke. Orodha ya mtihani ilikuwa inafungwa Ijumaa.

Nikahesabu waliokuwepo. Walikuwa wawili, na tangu siku ile walikuwa hawajakaa tena chumba kimoja.

Baba yako alimpigia mama yake simu. Hakumbembeleza, alimwambia tu, "Mama, mtoto anakuhitaji ofisini." Alhamisi bibi yako Limi akashuka kwenye basi hapa Ilula na mfuko wa mchele kichwani. Alilala kwetu, akakusuka nywele, akakuita Limi usiku kucha, na mimi sikuthubutu kumuuliza atasema nini. Kwa mama yangu nilikwenda kuomba. Nikamwambia, "Mama, nakuomba, wakikuuliza usiseme Ana." Akanijibu, "Mimi nitasema ninachokijua." Nikaondoka na moyo mzito. Kama mmoja angesema Limi na mwingine Ana, yule kijana angefunga faili, nawe ungekuwa Liliana maisha yako yote. Na kosa lisingekuwa la kwao.

Ijumaa tulifika mapema. Mama yangu alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi nje ya ofisi, kitenge kipya. Bibi yako Limi alisimama mbele yake. Akasema, "Kamwene, mkwe."

Sijui alijifunza wapi kuamkia Kihehe. Mama yangu akasogea pembeni, akampa nafasi akae.

Tuliitwa ndani. Wewe ulikaa katikati yao. Mimi nilisimama karibu na dirisha kwa sababu viti vilikuwa vimeisha. Kijana akafungua fomu, akamgeukia mama yangu. "Bibi, huyu mtoto anaitwa nani?"

Mama yangu akarekebisha kitenge. Halafu akamnyooshea mkono bibi yako Limi, akasema, "Muulize kwanza mwenzangu. Jina linaanzia kwake."

Bibi yako Limi alimtazama. Nadhani hakutegemea kupewa nafasi ile. Alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa ndogo. "Anaitwa Limiana," akasema. "Linaanzia kwangu, linaishia kwake. Andika lote."

"Limiana," akasema mama yangu. "Ndivyo alivyoitwa siku ya saba. Tulikuwepo."

Kijana akauliza linaandikwaje. Kabla sijafungua mdomo wewe ukalitaja herufi moja moja, taratibu, ukiangalia kalamu yake. Akaandika. Mimi niligeukia dirishani nikajifanya natazama magari.

Tulipotoka tulinunua mahindi ya kuchoma, tukala tumesimama. Wale wawili wakaanza upya. "Lakini jina linaitwa kwa mwanzo wake," alisema bibi yako Limi. "Ndiyo," mama yangu akasema, "ila kinachobaki hewani ni mwisho wake." Walibishana mpaka stendi, na safari hii walikuwa wanacheka, na bibi yako Limi hakurudi Ubaruku siku ile wala iliyofuata. Alikwenda kukaa kwa mama yangu wiki nzima. Waliachana wakipeana mbegu za maboga.

Ninataka ujue kwamba siku ile sikuwashinda wale wazee. Wala wewe hukuwashinda. Walikuwa wamelibeba jina zima miaka yote, kila mmoja akilificha nusu kwa uchungu wa kutoulizwa. Mimi niliwatangazia jina badala ya kuwaita kitandani tulitunge pamoja. Ningewaita, pengine ungekuwa na jina jingine kabisa, zuri zaidi, na miaka kumi na mitatu ya kununiana isingekuwepo. Nilikuwa na haraka ya kuwa na kitu changu. Nimejisamehe, lakini nimeona nikuambie, kwa sababu na wewe una haraka zangu.

Mengine unayajua. Majibu ya mtihani yalipobandikwa baba yako, siku hizo akiwa dereva mwenyewe, alisimamisha lori nje ya shule, akashuka kusoma jina lako, akamwita utingo wake naye asome. Pale Iringa, mwaka huu, uliposimamishwa na wenzako kupokea stashahada ya unesi, msomaji wa majina alilisoma lako vizuri kabisa bila kusita, na mabibi zako wawili, waliokuwa wamekaa kiti kwa kiti, waliinuka kwa pamoja na kupiga vigelegele kabla hajamaliza la ukoo. Sikuwa nimewahi kumwona mama yangu anapiga vigelegele. Alikuwa anakemea watu wanaopiga.

Huko unakokwenda watakuja kina mama wamebeba vitoto, nawe ndiye utakayekuwa na kalamu. Sitakuambia ufanye nini. Unajua kuliko mimi.

Ila kuna moja sijakuambia, nimelitunza tangu Jumanne.

Basi lilisimama mbele ya meza yangu, la kutoka Songea. Wasafiri wakachungulia madirishani kuulizia bei, nami nikawa napita na ndoo. Kwenye dirisha la nyuma kulikuwa na mama mmoja kijana, amempakata mtoto wa kike wa kama miaka miwili, na mtoto anataka kutoa kichwa dirishani. Yule mama akamvuta, akasema, "Limiana, kaa chini."

Ndoo nusura iniponyoke. Nikasogea dirishani, nikamwuliza, "Samahani, mama, huyu mtoto umemwita nani?"

"Limiana."

"Ni la ukoo?"

"Hapana," akasema. "Nilijifungua Iringa, uzazi ukawa mgumu, siku mbili. Kulikuwa na binti mmoja mwanafunzi wa unesi hakuniacha mkono. Zamu yake iliisha, akabaki. Nilipotoka salama nikasoma jina kwenye beji yake. Nikasema huyu wangu atakuwa huyohuyo."

Sikuweza kumwambia kitu. Nilitaka kumwambia huyo ni wangu, nilimzaa mimi, na hilo jina nililitunga mimi. Nikamimina nyanya zote za ndoo kwenye mfuko wake, akawa anakataa, anauliza bei, mimi natikisa kichwa tu. Kondakta akagonga ubavu wa basi. Likaanza kuondoka.

Hapo ndipo sauti ikanirudia. Nikatembea pembeni ya basi, kisha nikakimbia, mimi na umri huu, na aproni kiunoni, wenzangu wote wa mezani wananitazama. Nikaita kwa nguvu, "Limiana."

Mtoto akageuka, akaniona, akaitika, "Abee."

Mama yako akupendaye,
Agripina